Bolti Kumi na Sikio Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila hodi. Nimekimbilia kuifunika injini kwa shuka kabla hata sijafunga dirisha la chumbani, na kitanda changu kimelowa. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mtunza maabara ya shule, mwenye akili zake timamu, anaihurumia injini kuliko godoro.

Injini iko sebuleni, juu ya meza ya chakula. Marehemu mume wangu aliifungua miaka miwili iliyopita, akavipanga vipande vyake kwenye makopo na maboksi, kisha Jumapili moja moyo wake ukasimama akiwa anavaa soksi. Tangu hapo mimi na Mama, yaani mama yake, tunakulia jikoni. Hakuna aliyesema tuiondoe.

Makopo yenyewe hayana hata lebo. Kule maabara kwangu hata chupa ya maji imeandikwa "maji". Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na mitatu, mimi nikipima na yeye akikisia.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa masikio leo amelisema lile alilokuwa akilizunguka tangu mwaka jana. Sikio la kushoto la Mama lilikufa zamani, na la kulia linafuata. Kifaa cha kusikilizia hakitasaidia, kwa kuwa mshipa wenyewe ndio unaozimika. Nikamuuliza, lini? Akatazama nje, mvua ilikuwa inanyesha, akasema mvua hizi zikiisha hadhani kama litakuwa bado linafanya kazi.

Nilimrudia Mama maneno yote njiani, chini ya mwavuli mmoja, nimeliinamia sikio lake. Hakulia. Alitembea hatua kama ishirini akikwepa madimbwi, kisha akasema, "Basi, mwanangu, niwashieni gari langu. Nilisikie mara moja tu, halafu hilo sikio liende linakokwenda."

Gari lake liko uani chini ya turubai, lina umri kunizidi mimi, na injini ya sebuleni ni yake. Aliliendesha miaka thelathini akisambaza mashuka aliyowafulia watu wa hoteli na hospitali. Ana redio, ana ndugu wanaoimba vizuri, ana mimi ninayeongea naye kila siku. Katika sauti zote za dunia amechagua hiyo. Nimeona wivu kidogo. Nauandika hapa ili ukae hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja Fundi Kimya, rafiki wa marehemu. Tunamwita hivyo kwa sababu hanyamazi. Ameifunua injini, ameizunguka, ameongea nayo, ameongea na mimi, ameongea na meza.

"Shemeji, kazi imebaki ndogo. Pistoni alishaweka mwenyewe, hedi ilishasawazishwa. Kilichobaki ni kuiweka hii hedi, kifuniko chake, juu ya bloku, gasketi ya kuzuia uvujaji katikati, tubane. Bolti kumi tu."

"Kumi tu?"

"Kumi tu. Hata ndoa ni neno moja tu, 'nimekubali', na tazama watu wanavyohangaika."

Akanieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kilichokuwa kwenye meza yangu. Chini kuna moto, pembeni kuna maji, na vyote vinataka kutoka. Kinachovizuia ni zile bolti kumi, zote zikivuta kwa nguvu moja. Moja ikilegea, maji yanaingia kwenye moto. Ukiibana kupita kiasi, bloku inapasuka, na bloku za namna hii hazitengenezwi tena popote. "Hii ikipasuka," akasema, "tutapandia maua."

Mama alikuwa mlangoni ameliegemeza sikio lake kwetu. Akacheka ile ya maua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezipata bolti za zamani. Marehemu alitoboa kifuniko cha boksi la viatu matundu kumi, akazichomeka kwa mpangilio wake wa kwenye hedi, kila moja na washa yake, kile kipete cha chuma cha chini ya kichwa. Nimeleta kalipa ya maabara, ile ya kupimia unene, nikapima. Saba zimevutika, shingo zimekonda. Hazifai.

Bolti ya sita ilikuwa na washa mbili, tisa zilizobaki moja moja. Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho kizuri. Washa ilimbakia mkononi, akaichomeka palipokuwa karibu. Mume wangu yule yule.

Jumatano, 12 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji ni mtu wa pole pole mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Ameniwekea mezani aina tatu za bolti.

Za kwanza zilikuwa zinang'aa mpaka nikajiona. "Hizi wanazipenda sana," akasema. Nikazigeuza kichwani, hazina alama hata moja. Fundi aliniambia, bolti ya kazi hii lazima iwe na alama kichwani zinazoonyesha nguvu yake. Kichwa kitupu ni ishara mbaya hata kwa bolti. Za pili zilikuwa na alama, lakini ni za lori, ndefu kwa milimita kumi na mbili. "Kata," akasema. Nikamwambia mimi si kinyozi.

Akapanda ngazi, akashuka na pakiti ya karatasi yenye grisi, vumbi lake la miaka. Ndani zilikuwemo nyeusi, zimetulia, zina alama, na urefu wake unalingana kabisa na wa zamani. Nikazipima zote nimesimama pale pale, wateja wakinizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Zilikuwa nane.

"Mbili nitakutafutia, dada. Zipo, dunia ni kubwa."

Washa nazo nimezijaribu kwa tupa. Zile laini, tupa inaziuma, na washa laini chini ya bolti hudidimia kama unga uliokandwa, nguvu yote ikapotea. Zile ngumu, tupa inateleza. Nimechagua kumi zilizoikataa tupa, nene, zenye ukingo uliochongwa kwa ndani upande mmoja. Upande huo lazima utazame juu, upokee shingo ya bolti. Muuzaji akasema kwa kuchagua namna hii, mume lazima nilimpata wa dhahabu. Nikahesabu pesa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mtihani maabara, chupa mbili zimevunjika.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala mchana, nikaota sebule imejaa maji hadi kiunoni, maji ya vuguvugu, na zile bolti nyeusi zinaelea juu yake wima, zinazunguka pole pole. Marehemu alikuwa upande wa pili wa meza ananawa mikono. Nikamwambia chuma hakielei. Akasema, "Hebu pima." Nilipoamka mvua ilikuwa inanyesha, na kwa muda sikujua niko upande gani wa usingizi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza Mama mvua anaisikiaje siku hizi. Amefikiri sana, mkono shavuni.

"Kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu."

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Bolti mbili bado.

Jumamosi, 29 Machi

Bolti mbili zimekuja! Muuzaji kazileta mwenyewe kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. Nimezipima na kuziweka pamoja na nane zile. Zinafanana kama punje za mtama. Nimemwonyesha Mama, akazishika moja moja na kuzipima uzito mkononi, akasema ni nzuri. Tumekula pamoja, nikarudia sahani.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo tumebana. Mimi nasoma kitabu cha injini kwa sauti, Fundi anavuta spana, ile ya kupimia ambayo hulia "tak" nguvu ikitimia. Unaanzia katikati unakwenda nje, kwa zamu tatu, kila zamu nguvu inaongezeka. Sebule ilikuwa na kiza cha mvua, taa imewashwa mchana, na ile tak, tak, tak ilinituliza. Nusura nisinzie nimesimama.

Tulipofika ya sita Fundi akasimama, akatazama kile kifuniko cha boksi la viatu.

"Shemeji, marehemu hapa aliweka washa mbili."

"Kitabu kinasema moja."

"Kitabu hakijawahi kukaa na injini hii."

"Na marehemu hakuwahi kusoma kitabu. Washa moja, Fundi."

Akaweka moja. Spana ikalia tak kama kwa nyingine zote. Nilijiona mshindi, na si dhidi ya Fundi.

Jumatano, 9 Aprili

Watu wanne na mnyororo. Injini imetoka sebuleni ikaingia kwenye gari. Meza imebaki na alama nne na duara la mafuta. Tumekaa mezani kula, mimi na Mama, tukajihisi wageni. Nilimuuliza jambo mara mbili, akajibu jingine. Umri, nadhani, na uchovu.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumejaribu, bila kumwita Mama. Nilitaka aje kuisikia ikiwa nzima, isije ikamkoholea tu. Iliwaka. Kwa sekunde tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Kisha ikaanza kutetemeka, ekzosi ikatoa moshi mweupe wa mvuke, maji ya rejeta yakachemka kwa mapovu. Fundi akazima. Ilikuwa imelia kama nusu dakika, na kwa nguvu, hatua kumi kutoka jikoni. Mama alikuwa anakunja nguo, hakutoka hata kuchungulia. Nilishukuru. Nilidhani ametuhurumia.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika yote, hata yale yanayoniaibisha.

Asubuhi tumefungua hedi. Nilikuwa nikiomba bloku isiwe imepasuka. Fundi aliifuta kwa kitambaa, akaipitishia kucha, akaimulika, akaipitishia kucha tena. Nzima. Nikakaa chini kwenye saruji iliyolowa. Lakini gasketi ilikuwa na mfereji mweusi uliounguzwa, na mfereji ulipita pale pale kwenye tundu la sita.

"Bolti hii ilibanwa sawa na wenzake," nikasema. "Spana imelia, nilisikia."

"Imelia, ndiyo. Swali, ilikuwa inabana nini?"

Akachukua spoku ya baiskeli, akaichomeka kwenye tundu la kwanza hadi chini, akaweka alama kwa ukucha, akanipa nipime. La pili, la tatu. Yote sawa. Kwenye la sita spoku iligota mapema, kwa milimita mbili na nusu. Tukamulika. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha bolti ya kale, kilichokatikia humo labda kabla sijazaliwa, kimeota kutu na kuwa kitu kimoja na bloku. Bolti yetu ilishuka ikakigonga kichwani, ikagota. Spana ililia kwa sababu ya kugota. Juu hedi ilikuwa haijashikwa na kitu.

Washa ya pili ilikuwa ya kuinua bolti isifike pale.

Nilikwenda kuitafuta ile washa kwenye boksi la viatu. Niliijaribu kwa tupa, tupa ikateleza. Nikaipima kwa kalipa. Washa za kawaida zina milimita tatu. Hii ilikuwa na mbili nukta nane, na upande mmoja ulikuwa na mikwaruzo myembamba ya jiwe la kunolea. Aliisaga kwa mkono. Nikaipima sehemu nne za mzunguko wake, kisha nane, kisha nikapoteza hesabu. Kila mahali mbili nukta nane. Hata mashine ya maabara yetu haiwezi kufanya hivyo.

Hakuandika popote. Hakuniambia. Au labda aliniambia, siku moja wakati wa kula, na mimi nilikuwa nikipangusa kitu. Miaka ishirini na mitatu nilimwita mzembe, kwa mzaha mbele ya watu na kwa dhati tukiwa wawili, na hata baada ya kufa nilimwita hivyo kwenye daftari hili hili. Alikuwa anapima. Alipima kwa vidole, mimi sikujua kwamba kuna kipimo cha namna hiyo. Nililia mbele ya Fundi Kimya, na yeye, Mungu ambariki, akanyamaza muda wote.

Ninachokiogopa sasa ni gasketi. Lazima iagizwe, wiki tatu. Nimelipia ujuvi wangu kwa sikio la mtu mwingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Mama kosa ni langu. Nimemwambia taratibu, namtazama usoni, kwa kuwa naona ananielewa zaidi nikimtazama. Akanipapasa mkono. "Wiki tatu si kitu," akasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua nyepesi. Mawingu yameanza kuachana, na badala ya kufurahi naogopa kila kipande cha anga ya samawati.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwota tena. Tulikuwa tunapima kitu kirefu sana, kila mmoja ameshika upande wake, na wala hatukuwa na haraka.

Ijumaa, 2 Mei

Gasketi imefika mapema. Tumebana jioni hii. Bolti ya sita nimeiweka mwenyewe, na washa mbili, ya kwake chini. Fundi alinipa spana. Tak.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemweka Mama kwenye kiti, hatua mbili kutoka boneti, sikio la kulia limeelekezwa kwenye injini. Amevaa gauni lake la bluu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kwenye turubai. Fundi akaingia garini, akatoa mkono dirishani, akaunyanyua kutuashiria kwamba anawasha.

Mama akatabasamu. Akapiga makofi. "Ndiyo!" akasema. "Ndiyo hiyo! Nimeisikia!"

Injini ilikuwa haijawaka. Betri ilikuwa imechoka. Fundi alizungusha ufunguo, pakawa na ukimya, manyunyu tu. Alikuwa bado ameunyanyua mkono ule ule.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Fundi akaweka betri nyingine, injini ikawaka, ikalia vizuri, safi, bila moshi, na Mama akaendelea kupiga makofi kwa mwendo ule ule, akinitazama mimi. Nikapiga magoti mbele yake ili aone midomo yangu.

"Tangu lini?"

Mikono yake ikasimama hewani. Alijaribu kucheka, akaacha.

"Wiki ile zilipokuja zile bolti mbili. Niliamka asubuhi, pakawa kimya."

"Mama! Mwezi mzima na zaidi! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha." Anaongea kwa sauti kubwa sasa, hajui ukubwa wake. Uani kote walisikia. "Ulikuwa umeanza kula, mwanangu. Ulikuwa umeanza kugombana na watu madukani. Miaka miwili kila nikisema kitu unasema sawa, Mama, sawa, Mama. Nilikuwa naishi na kivuli. Ningekwambia sikio limekwisha ungelifunika lile lichuma kwa shuka, ukajifunika na wewe."

Nyuma yetu injini ilikuwa inaendelea kunguruma, imetulia, na Fundi alikuwa ameweka kichwa chake kwenye usukani.

Jumatatu, 5 Mei

Leo Mama amechukua daftari hili kutoka mkononi mwangu, bila kulisoma, akalifungua ukurasa mtupu, akanirudishia.

"Niandikie inavyolia," akasema.

Nimemwandikia: mizunguko mia nane kwa dakika ikiwa imetulia, haitetemeki, joto la maji ni la kawaida. Amesoma, amenitazama juu ya miwani.

"Hii ni risiti," akasema, akaenda kulala.

Alhamisi, 8 Mei

Mama, nimekaa garini asubuhi yote, nimeiwasha na kuizima mara tano.

Ikiwaka ikiwa baridi inakohoa mara mbili, kama mtu anayeomba apite. Kisha inapata sauti yake. Chini kabisa kuna mngurumo, si mkubwa, unausikia kifuani kabla ya masikioni. Juu yake kuna kitu chepesi kinatikatika, kama vijiko kwenye droo mtu akiwa anatafuta kimoja. Ikipata moto vijiko vinapungua lakini haviishi. Ukikanyaga mafuta haikurupuki. Inavuta pumzi kwanza, halafu inapanda, na ukiiachia inashuka ikiguna, haijaridhika kwamba umebadili nia. Ukiizima haikati papo hapo. Inazunguka mara moja zaidi, inagonga kidogo, ndipo inanyamaza, na ukimya wake una joto, unatiki tiki mpaka bati lipoe.

Siku zote niliiita kelele. Aliponiita mwanao nije niisikilize, nilikuwa na kazi. Leo nimekusikilizia wewe, nikamsikilizia na yeye. Sijui kama nimeandika sawa. Sikuwa na cha kupimia.

*(Hapa chini ni mwandiko wa Mama, kwa penseli.)*

Ndiyo yenyewe. Vile vijiko ni vali, baba mkwe wako alitaka kuzirekebisha nikamkataza. Ile ya kuguna nilikuwa nimeisahau, umenirudishia.

Ila kuna tatizo, mwanangu. Mimi gia nilikuwa nabadilisha kwa sikio, sikuwahi kujifunza namna nyingine. Mvua imekata na barabara imekauka. Acha kulia, uje ukae kiti cha abiria. Ikianza kulalamika nigonge bega, nibadilishe.